Joy Adamson: Mkono Ulioumia Haukukoma Kazi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nakuru, akiisha kuupita mji wa Nairobi na kuanza kuuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, huliona ziwa la Naivasha limetanda chini yake kama sinia ya fedha. Kandokando ya ziwa hilo, upande wa kusini, chini ya migunga yenye magome ya manjano, ipo nyumba iitwayo Elsamere. Hadi leo wageni huingia humo, hutazama vyombo na picha za mwenyewe aliyetangulia, kisha hunywa chai bustanini huku mbega wakiwatazama kutoka juu ya miti. Mwenye nyumba hiyo alikuwa Bi. Joy Adamson, na kisa chetu cha leo ni kisa cha mikono yake.

Msomaji atashangaa. Jina la Joy Adamson likitajwa, watu hukumbuka simba. Hukumbuka yule simba jike Elsa, na kile kitabu kilichouzwa kwa mamilioni, na sinema iliyofuata mwaka 1966. Naam, hayo ni kweli. Lakini simba alikuja baadaye. Kabla ya simba mama huyu alikuwa fundi: fundi wa sindano, fundi wa patasi, fundi wa brashi. Na baada ya simba, uzee ulipobisha hodi na mkono wake wa kazi ukapatwa na msiba, ilimbidi ajifunze upya namna ya kuwa fundi. Sehemu hiyo ya maisha yake haisimuliwi sana, nasi twaiona ndiyo yenye mazingatio.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji uliokuwa ukiitwa Troppau, ambao wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Austria na leo unaitwa Opava, katika nchi ya Cheki. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friederike Victoria Gessner. Alikuwa wa pili katika mabinti watatu. Wazazi wake walipoachana, binti huyu alilelewa na bibi yake mjini Vienna, na huko ndiko alikosomea kazi za mikono. Alijifunza kupiga piano kwa bidii kubwa, ila mikono yake ilikuwa midogo mno kwa mtu atakaye kuishi kwa kupiga piano majukwaani. Jambo hilo lilimuuma, lakini hakukaa kulia. Alisomea ushoni wa nguo akapata cheti chake. Alisomea kuchonga sanamu, kufua madini na kujalidi vitabu. Kila alipoona mlango umefungwa, aligeukia mwingine, na tabia hiyo hakuiacha mpaka mwisho wa umri wake.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mtu wa Vienna mwenye asili ya Kiyahudi. Siku hizo upepo wa Hitler ulikuwa umekwisha kuanza kuvuma, na watu wenye nasaba hiyo hawakuwa na raha. Mwaka 1937 mke alitangulia kuja Kenya kwa meli, atazame kama nchi hii ingewafaa kuhamia. Safarini alikutana na Mswisi mmoja, Peter Bally, bingwa wa elimu ya mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na huyo Bally, ambaye ndiye aliyempa jina la Joy, kwa maana ya furaha. Jina likamshika, la kuzaliwa likasahaulika.

Bwana Bally alikuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la Nairobi, na kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi akikusanya mimea. Mkewe alifuatana naye. Siku moja akashika brashi akaanza kulichora ua kama alionavyo, jani kwa jani, mshipa kwa mshipa. Kazi ile ikampenda naye akaipenda. Picha zake zikatiwa katika vitabu vya mimea na bustani za Afrika Mashariki, na mwaka 1947 chama kikuu cha wakulima wa bustani wa Uingereza kikamtunukia medali ya dhahabu ya Grenfell. Kadhalika alichora samaki wa miambani na makombe ya pwani yetu, vitu ambavyo watoto wa Pwani huvikanyaga maji yakitoka wasivitie maanani.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuolewa mara ya tatu. Krismasi ya mwaka 1942 alifika Garissa, akakutana na George Adamson, mlinzi wa wanyama wa serikali katika wilaya za kaskazini, mtu mpole, msemaji haba, aliyeizoea nyika kama baharia alivyozoea bahari. Mwaka 1944 wakaoana.

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa sisi wenyewe. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya, wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya asili. Kazi hiyo ilimchukua muda wa miaka sita, mpaka mwaka 1955. Alizunguka nchi nzima, kuanzia bara hadi mwambao, akipiga hema, akiketi saa nyingi mbele ya mtu mmoja. Wakuu wa wilaya na machifu ndio waliokuwa wakiwaita watu waje. Picha zilipohesabiwa zilipita mia tano, na mwaka 1967 nyingi katika hizo zilitolewa katika kitabu kiitwacho The Peoples of Kenya. Leo picha hizo ni amana katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Twajua kwamba kwetu Pwani suala la kuchora sura za watu lina mazungumzo yake, na wenye kulitolea kauli ni masheikh wetu, si ukurasa huu. Sisi hapa twatazama yaliyovaliwa. Mtu aliyesomea kushona na kufua madini hatazami nguo kama wewe na mimi tuitazamavyo. Yeye huona pindo limekunjwaje, ushanga umetungwa kwa hesabu gani, bangili imefuliwa au imemiminwa. Ndiyo maana picha za Bi. Adamson zina faida ambayo picha za kamera za siku hizo, nyeusi na nyeupe, hazikuwa nayo. Rangi zimo. Kazi ya mshonaji imo. Kazi ya sonara imo.

Lakini hapana budi tuseme na upande wa pili. Kazi ile ilitolewa na serikali iliyokuwa ikitawala watu wasiopenda kutawaliwa, na miaka ile ndiyo miaka ya hali ya hatari, watu wakikamatwa na kutiwa makambini. Serikali iliyokuwa ikitaka kuhifadhi mapambo ya watu ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikiwanyima haki zao. Tena jina la mchoraji limesalia, ila jina la aliyeufua ule mkufu au kuishona ile kofia halikuandikwa pembeni mwa picha. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Katika picha hizi vyombo twaviona vyaelea, waliounda hatuwajui.

Mwaka 1956 ndipo simba walipoingia katika nyumba yao. Tarehe 1 Februari Bwana George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba mnyama yule alikuwa akilinda watoto wake. Majuto yakamshika, akawachukua vitoto vitatu akampelekea mkewe. Wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao akabaki, akaitwa Elsa, kwa jina la mama mkwe wa kwanza wa Bi. Joy. Wakati mmoja walimchukua Elsa hadi pwani ya kaskazini, karibu na mpaka wa Somalia, na simba wa nyika akacheza katika mawimbi ya Bahari ya Hindi na kukimbizana na kaa mchangani.

Mama huyu hakujaaliwa kupata mtoto wa kumzaa. Mapenzi ambayo mwingine angewapa wanawe yeye aliyamimina kwa Elsa, na jambo gumu alilolifanya ni kumfundisha arudi porini akajitegemee, badala ya kumfuga. Elsa akajifunza kuwinda, akazaa watoto watatu, na tarehe 24 Januari 1961 akafa kwa maradhi yaletwayo na kupe. Kitabu cha Born Free kilikuwa kimekwisha kutoka mwaka 1960, vingine viwili vikafuata, na sehemu kubwa ya mapato yake ikaelekezwa kwenye hifadhi ya wanyama. Ndivyo mchoraji alivyogeuka mwandishi.

Nyumba ya Naivasha waliinunua miaka ya sitini ilipokuwa ikielekea mwisho, iwe mahali pa kupumzikia uzeeni. Bwana George alikuwa amekwisha kustaafu kazi ya serikali, na mke alikuwa akikaribia miaka sitini. Hewa ya Naivasha ni baridi kidogo, ziwa lina viboko na ndege wa kila namna, na barabara ya Nairobi haiko mbali kwa mtu anayehitaji daktari. Mtu angedhani hapo ndipo wazee hawa watakapokaa kitako wakinywa chai. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa mitihani. Ulipoanza, Bi. Adamson alipata ajali ya gari na mkono wake wa kulia ukaumia vibaya. Mkono wa kulia, msomaji! Huo ndio mkono wa brashi, mkono wa sindano, mkono wa kalamu. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, madaktari wakajaribu kuunga mishipa, lakini mkono haukurudi kama ulivyokuwa. Piano, aliyoipenda tangu utotoni, ikabaki kuwa kitu cha kutazamwa. Kuchora nako kukawa taabu kubwa.

Haukupita muda mrefu, simba wa Bwana George aitwaye Boy, mmoja katika wale walioshiriki katika ile sinema, akavunjika mguu huko Meru. Waganga wa wanyama wakamtia chuma ndani ya mfupa, na ili apate uangalizi akaletwa Naivasha, pale pale Elsamere. Mwezi wa Oktoba duma wa Bi. Joy, aliyeitwa Pippa, ambaye alimlea na kumrudisha porini kama Elsa, akafa mjini Nairobi kutokana na jeraha la mguu. Basi fikiri hali ya nyumba hiyo: mke mkono wake hauwezi kushika kikombe sawasawa, mume anauguza simba kiwete bustanini, na habari ya msiba wa Pippa haijapoa. Mwanadamu mwingine angesema imetosha.

Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mama huyu alipoona mkono wa kulia umegoma, aliugeukia wa kushoto. Alipiga mashine ya chapa kwa mkono huo, herufi baada ya herufi, akaendelea na vitabu vyake. Mwaka 1972 kilitoka kitabu cha pili juu ya Pippa, na mwaka huohuo kitabu cha picha zake za maua, watu na wanyama wa Afrika. Mwaka 1978 akatoa habari za maisha yake mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya mtu ambaye kwa hesabu ya wengine alikuwa amestaafu na mgonjwa.

Siku zake za Naivasha zilijaa shughuli. Mitini kulikuwa na mbega, wale kima wakubwa weusi wenye manyoya meupe mabegani kama joho, naye aliwatazama asubuhi na jioni akiandika kila walifanyalo. Kulikuwa pia na bundi wakubwa, mume na mke, waliokuja jioni kula nyama aliyowawekea. Sisi wa Pwani bundi akilia juu ya paa twasema uchuro, twatafuta wa kumfukuza. Yeye aliwangoja kama mtu angojavyo wageni wa futari. Habari za mbega na bundi hao alizikusanya zikawa kitabu kilichotoka mwaka 1981, mwenyewe akiwa amekwisha kuaga dunia. Juu ya hayo kulikuwa na barua za kujibu kutoka kila pembe ya ulimwengu, safari za kutoa hotuba ng'ambo ili kuchangisha fedha za hifadhi, na siku za kwenda kwa daktari.

Na mumewe je? Hapa ndipo penye huzuni. Boy alipopona hakuweza kuachwa karibu na watu, kwa hiyo mwaka 1970 Bwana George alimpeleka Kora, ukingoni mwa mto Tana, katika ardhi iliyokuwa ya Mkoa wa Pwani. Mwaka uliofuata Boy alimuua mtumishi wa kambi, na Bwana George ikambidi ampige risasi simba yule yule aliyemuuguza kwa miezi mingi. Hata hivyo hakuondoka Kora. Mke hakupendezwa na maisha ya huko, mume hakutaka kuwaacha simba wake. Hawakuachana kwa sheria, lakini kila mmoja akaishi upande wake, wakitembeleana mara kwa mara. Waliopata kuwajua wote wawili walieleza kwamba walipendana zaidi walipokuwa mbali. Ndoa za namna hiyo zipo, na si za Wazungu peke yao.

Tusimpambe marehemu kwa sifa asizokuwa nazo. Bi. Adamson alikuwa mtu mgumu. Hasira zake zilikuwa karibu, na wengi waliofanya kazi kwake hawakudumu. Aliwavumilia wanyama mambo ambayo hakuwavumilia binadamu. Upungufu huo, baada ya miaka mingi, ndio uliokuja kugusana na mwisho wake.

Mwaka 1976 alipata mtoto wa chui, akamwita Penny. Chui ndiye mnyama aliyekuwa akimtamani siku zote baada ya simba na duma. Alimlea kwanza pale Naivasha, na mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 67, akafunga mizigo, akaiacha nyumba yake nzuri ya kando ya ziwa, akaenda kupiga kambi Shaba, karibu na Isiolo, katika jua kali na mawe, ili amfundishe Penny kuishi porini. Penny akajifunza, na akazaa. Kazi ikatimia.

Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 mama huyu alitoka kambini kwenda kutembea kama ilivyokuwa desturi yake, hakurudi. Alikutwa barabarani amekufa. Habari za mwanzo zilizoenea duniani zilidai kwamba ameuawa na simba, na watu wakaiamini kwa wepesi, maana ilifanana na hadithi. Lakini majeraha hayakuwa ya simba. Kijana mmoja aliyewahi kuajiriwa kambini, kisha akaachishwa kazi, alishtakiwa, na mahakama ikamtia hatiani. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku chache atimize miaka 70. Majivu ya mwili wake yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. Mumewe naye aliuawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti 1989, alipokwenda kumwokoa mgeni wake.

Wote wawili, basi, walisalimika na wanyama wakali, wakaangamia mikononi mwa binadamu. Juu ya kijana yule, mahakama ilikwisha kutoa hukumu yake, na damu haina udhuru. Hata hivyo kila mwenye watumishi nyumbani na ajiulize jinsi anavyoishi nao. Sisi tumefundishwa tangu chuoni kwamba mtu hulipwa ujira wake kabla jasho halijamkauka, na kwamba neno jema nalo ni sadaka.

Kuna mafunzo mawili tunayoyapata katika maisha haya. La kwanza ni la wazee wetu. Wengi wetu, siku ya kustaafu ikifika, hukaa barazani tukingoja chakula na habari za vifo. Mkono ukianza kutetemeka, fundi wa kofia huweka sindano chini, mwandishi huweka kalamu, fundi seremala huwapa wajukuu patasi wachezee. Bi. Adamson alipoteza mkono uliokuwa mtaji wake wote, naye akaendelea kufanya kazi kwa muda wa miaka 10 na zaidi kwa huo uliobaki. Aliyeshindwa kushona anaweza kufundisha kushona. Aliyeshindwa kufundisha anaweza kukaa akahadithia jinsi kazi ilivyokuwa ikifanywa.

La pili ni kwetu sote. Mgeni kutoka Vienna alizunguka nchi hii miaka sita akaandika kwa brashi mavazi ya watu wake. Mwambao wetu una kofia za kazi zenye vito vilivyodarizwa kwa miezi, una majasi na vipini, una timbi na furungu, una ukili uliosukwa kwa rangi ambazo vijana hawajui zilichemshwa kwa mti gani. Waliovifanya vitu hivyo wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na wachache waliobaki ni mama zetu na babu zetu walioko vyumbani mwetu hivi leo. Tusingoje mwingine ashuke melini ndipo tuwatazame. Tuchukue daftari, tukae nao jioni moja, tuandike kazi na jina la fundi pamoja. Picha za Bi. Adamson zimebaki, naye jina lake limebaki. Mafundi wetu nao wana haki hiyo.